Mlinzi wa Mama Tshiela

Mpoyi alifika kwetu na viatu vya ncha ndefu na mikono mitupu. Ndugu yake Badibanga alipozikwa, hakuonekana. Mama Tshiela, mjane wa Badibanga, alipolazwa hospitali, hakuonekana. Lakini kampuni ya mgodi iliposema chini ya mtaa wetu hapa Kolwezi kuna shaba, tutoke wote, na kila mwenye nyumba atajengewa nyingine, lo! Udugu ukaamka.

Mama Tshiela ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Anatengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Nilipomzaa Abigaëlle, yeye ndiye aliyemwogesha, maana mama yangu yuko mbali, Dilolo. Anaishi na virusi vya ukimwi miaka mingi, wala hafichi. Kila jioni anameza dawa. Na kufukuzwa anakujua. Alikuwa msichana wakati Wakasai, watu wa kwao, walipofukuzwa huku Katanga, akalala stesheni na wazazi wake wakingojea treni. Baadaye alirudi, akaolewa hapa hapa.

Miaka hii ya karibuni akaanza kuwa mzito. Analitafuta neno kama mtu anayetafuta sindano gizani. Kikombe kinamponyoka. Siku moja aliuza uji mtupu, alisahau kutia mizizi inayougeuza kuwa munkoyo. Wateja walicheka, na wale wenye akili nyingi wakasema ni bulozi, uchawi. Basi akajitafutia njia yake: mizizi imeingia, anafunga fundo kwenye pembe ya kitenge, dawa imemezwa, fundo lingine. Asubuhi anayafungua yote. Munkoyo ikarudi kuwa tamu, na wale wale wenye akili wakarudi kunywa.

Nilimsindikiza kliniki. Muuguzi Godelieve akamwambia polepole:

"Mama, hii si wazimu. Dawa imelalisha virusi, lakini mwili unabaki unapigana miaka yote, kama makala chini ya majivu. Ile joto inafika mpaka ku bongo, inaichokesha. Dawa usiiache. Na bile bifundo byako, endelea nabyo."

Mpoyi alikuwa na elimu yake mwenyewe. Tata Kyungu, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, alipopita kuandika wenye nyumba, Mpoyi akamrukia mlangoni:

"Shefu, ona kitenge yake! Bile bifundo ni bya bulozi. Kichwa yake imekwisha. Nyumba uandike jina yangu, mi njo minamuchunga."

Anamchunga! Mtu aliyekuwa hajui hata mahali ndoo ya maji inapokaa.

Shefu akamgeukia Mama Tshiela. "Mama, leo ni siku gani?"

Akaangalia kitenge chake, kisha akanitazama. Midomo ilitikisika, neno halikuja. Nilimkaza mtoto mgongoni, nikaona nyumba inakwenda hivi hivi.

"Unaona?" Mpoyi akacheka. "Mutu kama huyu!"

Shefu akafuta jasho. "Sawa. Tata Mpoyi, kama weye njo unamuchunga, kesho tukutane ku kliniki. Muuguzi atasema mbele yangu nani anamusindikizaka kutwaa dawa. Kisha nitaandika."

"Ku kliniki... ile ya..."

"Ile ile ya dawa ya virusi."

Kesho yake tulikuwa kwenye foleni mapema. Mpoyi naye alikuja, lakini alisimama ng'ambo ya barabara, miwani nyeusi usoni, anajifanya anatazama pikipiki. Mama Ngalula muuza sombe, majani ya muhogo, ambaye sauti yake inafika Nzilo, akamwona.

"Tata Mpoyi! Kuya huku, foleni iko huku!"

"Hapana, mama, mi minapita tu."

"Unapita wapi? Shemeji yako huyu hapa! Kuya umushike mukono!"

"Usiogope, tata," mwingine akadakia, "mukono haiambukizake!"

Foleni nzima ikapasuka kwa kicheko. Mama Tshiela, kwa wema wake, akamnyooshea mkono. Mpoyi akautazama kana kwamba ni nyoka. Mkono ule ule ulimsongea bukari, ugali wetu, juzi, akala mpaka akalamba vidole! Ndugu yetu mlinzi akapanda pikipiki, viatu vyake vya ncha vikaning'inia, akaenda zake.

Shefu alipofika alikuta vumbi la Mpoyi tu. Muuguzi Godelieve akamwambia shefu kwamba Mama Tshiela huja peke yake au na mimi, hakosi, na akili anayo. Kinachochelewa ni neno. Shefu akainama mbele ya Mama Tshiela.

"Mama, ile nyumba ni ya nani?"

Tukangoja. Jambo ambalo wajanja wote wa mtaa walikuwa hawajamfanyia, kumngojea.

"Ya mi," akasema mwishowe. "Badibanga alijenga. Mi nilibeba mayi ya matofali."

Shefu akaandika: Tshiela.

Tukiwa njiani kurudi alisimama, akafunga fundo jipya kwenye pembe nyingine ya kitenge.

"Hii ni ya nini, Mama? Dawa bado."

Akatafuta neno, nami nikangoja.

"Ya Mpoyi," akasema. "Akirudi na mikono mitupu, nisisahau kama alikimbia."