Fundi Friji na Mwanamke Aliyegandishwa

Baba yangu ni fundi friji, na fundi friji hafai kutazama filamu za anga za mbali. Mama alikuwa na moja aliyoipenda kupita zote: chombo kinasafiri miaka sitini kwenda kwenye nyota nyingine, abiria wamegandishwa ndani ya masanduku ya baridi, na fundi mmoja tu amebaki macho. Sanduku la mkewe lina hitilafu. Basi anakaa hapo, analitengeneza kila siku, mpaka nywele zinakuwa nyeupe.

"Kompresa gani hiyo ya miaka sitini?" Baba aliuliza kila mara. "Hata gesi hawaongezi?"

"Wewe nawe! Watu wanatazama mapenzi, wewe unatazama mashine."

Dakika kumi baadaye Baba anakoroma. Akizinduka, majina ya waigizaji yanapita, naye anatoa hukumu yake ileile: "Mke alikufa. Friji ilizima." Mama humrushia mto. Kwa miaka kumi na minne Baba hakuwahi kuuona mwisho, wala hakukubali kusimuliwa.

Kisha Mama akapasuliwa kichwa kuondolewa uvimbe. Daktari alituambia bila kuzunguka: ataamka, lakini huenda asimtambue yeyote. Baba alivuta kiti karibu na kitanda, akawa anazisikiliza mashine kama anavyosikiliza friji ya mteja. Moja ikibadilisha mlio tu, anasimama.

"Sista, hiyo ni kawaida?"

Muuguzi alimjibu kwa upole mara ya kwanza, hata ya tano. Ya kumi akamwambia, "Mzee, nenda kapumzike."

"Silali," alisema. Na mtu huyu, ambaye husinzia hata akinyolewa, alikaa macho siku mbili.

Mchana wa siku ya pili nilimpelekea chai. "Mwanangu," alininong'oneza, "yule fundi wa kwenye filamu, mimi nilidhani hana woga." Alikiweka kikombe sakafuni. "Kumbe alikuwa anaogopa kila siku, na kila siku alibaki. Mama yako alikuwa ananionyesha hicho, mimi nauliza habari za gesi." Nilivuta kiti cha pili, nikakaa kando yake.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama alifumbua macho. Akamtazama Baba, akanitazama mimi, akatazama ukuta, na hakuonyesha tofauti yoyote kati yetu na ukuta. Nilimwita. Hakugeuka.

Baba akamshika mkono, na kwa kukosa la kusema akaanza kumsimulia ile filamu. Chombo, masanduku, fundi mwenye mvi. Alipofika pale ambapo yeye husinzia, hakuwa na pa kwenda.

"Halafu... friji ikazima. Mke wake akafa."

Nilimkanyaga mguu. Habari za kifo mbele ya mgonjwa! Mtu gani huyu?

Midomo ya Mama ikacheza. Tukainama wote wawili.

"Hakufa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. Akapumzika, kisha akakunja uso, uleule wa kurusha mto. "Wewe ndiye uliyelala."