Kumsema Mtoto Mbele ya Mwalimu

Bodi ya elimu inayonilipa ina lugha nyingi kuliko shule, na mimi ni mmoja wa watu wake wa Kiswahili. Nikiitwa napanda basi, mara nyingi ni huku huku Scarborough, mashariki mwa Toronto, naketi kati ya mwalimu na mzazi, na kila anachosema mmoja nakisema kwa lugha ya mwingine. Tulifundishwa kwamba mkalimani hana maneno yake. Mzazi akisema “mimi nimechoka,” nami nasema “mimi nimechoka” kwa Kiingereza, kana kwamba uchovu ni wangu. Siongezi, sipunguzi. Mwanzoni niliidharau kazi hii, nikaiona ya kasuku. Siku hizi siidharau, maana kunyamaza ndiko kunakonishinda, na watu wa nyumbani kwetu watakuthibitishia.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya Februari, theluji imeshageuka tope jeusi kando ya barabara. Nje ya ofisi ya mshauri wa masomo palibandikwa bango la watoto wa kila rangi wakicheka pamoja. Bango hilo, au ndugu yake, liko kila shule ninayokwenda. Sina ugomvi nalo. Ila nimeingia madarasa mengi, na najua kwamba ukifika kwenye hisabati ya chini, rangi zile za kwenye bango hupungua sana, na zinazobaki zinafanana na yangu.

Kwa asiyejua, mtoto akipanda darasa la kumi hapa huchaguliwa moja kati ya hisabati za aina mbili. Moja inamfungulia chuo kikuu. Nyingine ni nyepesi, inamwelekeza kwenye kazi za mikono, na akishaingia humo kutoka ni shughuli. Kazi za mikono hazina ubaya wowote. Ubaya ni kumpeleka huko mtoto aliyetaka kwenda kwingine, na msichana tuliyekuja kumjadili alitaka kuwa mfamasia.

Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, vipokea sauti vimening'inia shingoni. Mama yake alikuwa mtu wa Uvira, Kongo ya mashariki. Alitoka moja kwa moja kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na chini ya koti bado alikuwa na sare yake. Mshauri alikuwa mwanamke Mzungu wa makamo, mpole, na upole wake haukuwa wa kuigiza. Alikwisha kuhudhuria mafunzo yote ya bodi kuhusu usawa. Najua kwa sababu baadhi tulihudhuria pamoja, tukala sandwichi zilezile. Huko tuliambiwa kwamba kwa muda mrefu watoto weusi wamekuwa wakisukumwa kwenye madarasa ya chini bila wazazi wao kuulizwa, na kwamba kuanzia sasa sauti ya mzazi isikilizwe na iheshimiwe.

Basi mshauri akauliza. Alisema alama za msichana ni nzuri, tena za hisabati ni nzuri zaidi, lakini anachelewa asubuhi, anasinzia, na baadhi ya kazi za nyumbani haleti. Mwalimu wake anaona ile hisabati nyepesi ingempunguzia mzigo. Mama mwenyewe anaonaje?

Nilifasiri. Mama akasimama, ndiyo, akasimama wima, na mikono akaifumbata mbele.

“Pardon, Madame,” alisema. “Huyu mutoto ni muvivu. Kichwa yake ni nguvu, hana akili. Hata nyumbani ananisumbua. Mufanye vile munaona. Hapa nyinyi ndio wazazi wake.”

Mtu aliyelelewa kwetu hahitaji kuelezwa kilichotendeka pale. Ulikuwa ni ustaarabu. Mzazi akiitwa shuleni hamtetei mtoto wake, anamsema. Anamsema kabla mwalimu hajamsema, ili mwalimu ajue kwamba nyumbani wako upande wake, na mwalimu naye, akishaona mtoto amekwisha kusemwa, hulegea na kujibu, “Aa, mzazi, si mbaya kiasi hicho, ana akili huyu.” Hapo ndipo sifa inapotokea, kwenye mdomo wa mwalimu. Baba yangu, huko Dodoma, alimwambia mwalimu wangu mkuu kwamba mimi ni hasara tupu, na mwalimu mkuu akaanza kunisifu hadi baba akaona haya. Tulirudi nyumbani wote wawili tumefurahi.

Lakini mwalimu wa Toronto hajui zamu yake ya kujibu. Niliyasema maneno yale kwa Kiingereza kama yalivyo. Binti yangu ni mvivu. Binti yangu hana akili. Mshauri alitikisa kichwa kwa huruma, akasema anashukuru kwa ukweli wa mama na kwamba anaheshimu uamuzi wa familia, akageukia kompyuta.

Namfahamu baba mmoja wa Markham, mji wa jirani, Mhindi mzaliwa wa Dar es Salaam, mfanyabiashara, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Kijana wake alipoanza kuchechemea kwenye hesabu, baba alikwenda shuleni akawaambia walimu kwamba mtoto ana kipaji ambacho wao bado hawajakigundua. Alinihadithia huku akicheka. “Hapa, dada yangu,” alisema, “mtoto usipomtangaza mwenyewe nani atakutangazia?” Kijana alibaki kwenye hisabati ya juu. Nilimkumbuka yule bwana wakati mshauri akisogeza kipanya chake, na roho ikaniuma.

Aliyemzuia mshauri ni msichana. Alikuwa analia, kimya kimya, machozi yakimdondokea kwenye jaketi. Akamwuliza mama yake kwa Kiingereza, “Kumbe ndivyo unavyoniona?”

Nikafasiri. Mama alishtuka. Akaniambia mimi, “Dada, analia nini? Kila siku ninamuambia muvivu, anachekaka!”

Ilikuwa kweli, nadhani. Kwa Kiswahili maneno yale alikuwa ameyazoea tangu utotoni, yanatoka jikoni pamoja na harufu ya vitunguu na hayamwumizi. Kwa Kiingereza, kwa sauti yangu, mbele ya mshauri, ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia. Hayo sikuyasema. Nilimgeukia mshauri nikafasiri alichosema mama, na mshauri akaondoa mkono kwenye kipanya, akauliza kama mtoto ni mvivu au si mvivu.

Mama alinitazama nimsaidie. Nikamwambia, “Mama, mimi nitasema tu utakachosema wewe.”

Alikaa. Alikitazama kipasha joto ukutani, akazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri wizi.

“Mimi niliitwa. Mutu akiitwa ku masomo hawezi kwenda kusifu mutoto. Lakini huyu ndiye anaamushaka wadogo zake, maana mimi natokaka mapema ku kazi. Anawavalisha, anawafikisha ku masomo yao, kisha ndiyo anakuja hapa. Ndiyo maana anachelewa. Mangaribi anafanya hesabu ku meza. Akikosea anafuta, anaanza tena, hataki hata kula. Ana akili kunishinda. Ana akili kushinda baba yake, na baba yake alikuwa mwalimu.”

Nikafasiri. Binti yangu ana akili kunishinda. Ilinibidi nisimame katikati ninywe maji, jambo ambalo halikunitokea kabla ya hapo kazini. Msichana hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama mama yake, na mama yake bado anatazama ukuta.

Mshauri alimwandikia hisabati ya chuo kikuu palepale. Alisema anasikitika kwamba hakuyajua hayo mapema. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Mambo ya wadogo zake hakuyajua, sawa. Lakini alama za mtoto zilikuwa kwenye kompyuta mbele yake tangu tulipoingia, na yeye mwenyewe ndiye aliyetusomea. Hazikutosha mpaka mama wa watu alipolazimika kujivuna mbele ya wageni.

Tulitoka pamoja. Kwenye korido, mama akihangaika na zipu ya koti, msichana alinisogelea akaniuliza kwa Kiingereza kama yale maneno ya mwisho nayo yalikuwa adabu tu, ya kumfurahisha mshauri. Nilimwambia amwulize aliyeyasema.

Akamwuliza. Kilikuwa Kiswahili cha kwanza nilichokisikia kwake, kizito, cha kutafuta neno moja moja. “Mama, ile ulisema mwisho. Ilikuwa ya mwalimu?”

“Ya mwalimu ilikuwa ile ya kwanza,” alisema mama, bila kuondoa macho kwenye zipu. “Hii ni yako. Vaa kofia.”