Siku Bhoke Alipompeleka Koti Kijani Homa Bay

Bhoke Mirumbe alipiga ukelele hata nikadhani kuna nyoka ndani ya bunda la mitumba. Niliziacha sweta zangu za watoto nikakimbilia kibanda chake, na nusu ya soko la Migori ikanifuata. Sisi sokoni hatumwachi mtu na nyoka wake peke yake.

Hakuwa nyoka. Alikuwa mwanasesere wa plastiki ngumu, mrefu kama kiganja na nusu, ametoka katikati ya dubu wa manyoya na magari yasiyo na magurudumu. Mzee wa uso uliokunjamana, jicho moja limeshonwa, mkono wa kushoto umeshika taa, wa kulia sepetu, na koti la kitambaa cha kweli lililomfika viatuni. Nilimjua papo hapo. Miaka hiyo ya tisini nani Migori hakumjua? Ni yule mlinzi wa makaburi wa kwenye filamu ya kutisha, anayezikwa kila mara na kila mara anarudi kazini.

"Liz!" Bhoke alinibana mkono mpaka ukauma. "Ni yeye! Ile cherehani ni yangu!"

Cherehani yenyewe ilikuwa Homa Bay, kwa Abdullah, mwenye ukumbi wa video. Mlangoni mwa ukumbi wake palikuwa na kabati la kioo lililojaa waovu wote wa filamu, na watu walianza kwa kuwatazama hao ndipo wakaingia ndani. Alimkosa huyu mmoja tu. Basi akawatangazia wauza mitumba kutoka Migori hadi Ndhiwa: atakayemletea halisi, si wa kuungwaungwa, atapewa cherehani ya miguu ya mkewe Kaltum, ambaye sasa alikuwa na ya umeme. Ikifika Jumamosi bila mtu, inakwenda kwa fundi Ombati wa Ndhiwa aliyekuwa akiisubiri kwa udenda.

Na Bhoke aliitaka, jamani! Alijifunza kushona kwa masista kule Asumbi alipokuwa msichana, mikono yake iliijua kazi, lakini chombo hakuwahi kukimiliki. Kila gauni lililochanika ilimbidi alipeleke kwa fundi wa stendi, mtu mwenye majivuno, aliyemketisha kwenye benchi kama mgonjwa asiye na ndugu. Kanisani nimewahi kuiona miguu yake ikikanyaga hewa chini ya benchi huku mhubiri anahubiri. Nilicheka siku hiyo, lakini nilimwonea huruma pia.

Watu wakasema aitwe Sammy. Filamu za Migori zilikuwa mali ya Sammy. Yeye ndiye aliyekaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akitufasiria kwa Kiswahili na Kijaluo, kwa kelele nyingi hivi kwamba sauti ya filamu yenyewe hatukuwahi kuisikia. Huyu mlinzi wa makaburi hata jina alimpa yeye: Koti Kijani. Sammy alipopita barabarani watoto walimwita hivyohivyo, naye akainua mkono kama mheshimiwa.

Sammy alimshika mwanasesere, akamzungusha, akamnusa. Sijui alitaka kunusa nini.

"Yawa, dada Bhoke, hii ni feki," akasema. "Koti Kijani anavaa koti ya red? Tangu lini?"

Katika furaha yetu hakuna aliyejiuliza. Koti lilikuwa jekundu kama pilipili mbivu.

"Lakini uso ni wake," Bhoke akasema. "Na taa, na jicho."

"Uso watu wanaiga. Mimi hiyo filamu naijua kama Baba Yetu. Koti ni ya green. Ukienda nayo Homa Bay, yule mzee atakufukuza kama mbwa."

Ushauri ukamiminika. Sisi wa mitumba hatushindwi na rangi. Suruali nyeusi ikichakaa unaichovya kwenye maji ya moto yenye rangi, inarudi ujanani, na mteja anafurahi. Nilikwenda mwenyewe kununua rangi ya kijani, nikabandika sufuria jikoni, na maji yalipochemka nikamwita Bhoke tumalize kazi.

Alikuja akiwa amemvua mwanasesere lile koti dogo. Badala ya kulitumbukiza akaligeuza ndani nje, akaupanua mshono wa kwapa kwa kucha na kuutazama karibu sana. Hivyo ndivyo anavyokagua kila nguo: nje inaweza kukudanganya, lakini ndani ya mshono, mahali ambapo jua na sabuni havikufika, ndipo nguo husema ukweli.

"Nyekundu mpaka ndani," akasema. "Hii ilizaliwa nyekundu, Liz."

"Basi ni feki iliyozaliwa feki. Leta tuchovye."

"Sasa hivi ikiwa ni ya uongo, uongo ni wa mtu mwingine. Nikichovya, ni wangu."

Akayamwaga maji. Yaani nilikasirika! Mtu anakaribia kupata cherehani, halafu analeta ulokole mbele ya sufuria. Nilimwambia mbele ya wote kwamba atajuta.

Jumamosi tulikwenda watatu. Sammy alisema hataki dada yetu aaibike peke yake, lakini mimi nilijua anataka kuona ikithibitika kwamba alisema kweli. Tulimkuta fundi Ombati ameshaketi mlangoni na kamba ya kufungia cherehani mapajani.

Abdullah alimpokea mwanasesere kwa mikono miwili, akavaa miwani. Alimkunja mwanasesere goti moja, akasikiliza linavyolia. Alizungusha shingo akitafuta gundi. Akasoma maandishi madogo chini ya kiatu, akakifungua kidirisha cha taa kwa ukucha, kumbe kinafunguka, na ndani yake mna mshumaa mdogo kama punje ya mtama! Kaltum akaja kuchungulia. Bhoke alikuwa amenishika kiuno, nami nilimshika yeye, na hasira yangu ilikuwa imekwisha kabisa. Sikutaka kingine duniani ila yule mzee aseme ndiyo.

Sammy hakuweza kuufunga mdomo. "Mzee, samahani, lakini koti yake si ni ya kijani?"

Abdullah aliinua kichwa. "Kijani?" Akamtazama Sammy, akamtazama mwanasesere, akaenda rafuni akachukua kanda. "Njooni ndani."

Tukakaa. Ombati naye akaingia na kamba yake. Televisheni ya Abdullah ilikuwa kubwa na mpya. Ukungu ukatanda makaburini, sepetu ikasikika ikikwaruza jiwe, taa ikatokea kwa mbali, ikakaribia, na mwenye taa akasimama mbele yetu.

Koti lilikuwa jekundu!

Jekundu la kuumiza macho! Bhoke alipiga kigelegele hata ule mzimu wa kwenye kioo nadhani ulishtuka. Nilirukaruka naye, viti vikaanguka, Kaltum akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Sammy peke yake aliiendea televisheni, akaugusa ule uwekundu kwa kidole.

"Na damu," akauliza polepole, "damu pia ni red?"

Ndipo nilipoelewa. Ile televisheni yetu ya Migori ilikuwa imekufa rangi nyekundu kabla hata Sammy hajaanza kazi. Ndiyo maana nyuso zote zilikuwa rangi ya mboga! Sammy alitueleza kwamba Mzungu akiogopa hugeuka kijani, nasi tukakubali, maana Mzungu akiogopa sisi tungemwona wapi?

Abdullah akavua miwani. "Watatu walikuja kabla yako, mama, wote kutoka Migori, na wote wakiwa na wanasesere waliochovywa makoti kijani. Sikujua kwa nini. Wewe pekee umemwacha alivyo. Huyu ni halisi. Cherehani yako ile pale."

Ombati akaikunja kamba yake, akampa Bhoke. "Utaihitaji ya kufungia," akasema, akaondoka.

Bhoke alikaa mbele ya cherehani asiiguse. Kaltum akamtilia uzi akasema ajaribu, lakini kitambaa hakikuwapo. Sammy, aliyekuwa amesimama akiangalia ukuta, akaanza kufungua vifungo. Shati lake lilikuwa limechanika mfuko. Akalivua, akabaki na fulana.

"Dada Bhoke," akasema, "anza na hii."

Bhoke alimtazama, akalipokea, akaupanga mfuko mahali pake. Machozi yalimtoka huku anacheka. Miguu ikakanyaga, gurudumu likazunguka, na mshono ukanyooka mpaka mwisho.