Prosesa Mvivu Nyumbani kwa Bibi

Siku hizi seva yangu inachimba sarafu za mtandaoni bila kusita, nami natamani ingezubaa kama ilivyokuwa ikizubaa kule Munje, kwa marehemu bibi.

Ilikuwa na prosesa mbili. Kila alfajiri moja ilipata joto ikapunguza kasi. Nilibadilisha feni, nikaibadilisha programu, nikailaani mashine, huku nikila vitumbua vya bibi na kumsifu kwamba vimezidi kuumuka.

Mwisho nikamleta fundi kutoka Ukunda. Alfajiri tukafungua mlango wa chumba cha seva. Bakuli la unga wa vitumbua, limefunikwa leso, limeziba tundu la seva la kutolea joto.

"Shikamoo, bibi," fundi akamwambia bibi aliyetufuata nyuma, akijizuia kucheka.

"Marahaba, mwanangu. Msilisogeze. Tangu mjukuu wangu aniletee jiko hili lisilo na moshi, vitumbua vyangu anavisifu mwenyewe."