Sentimita Kumi za Wifi Yangu

Ndoa yangu ilikufa, lakini wifi yangu, dada wa mume aliyeniacha, alibaki upande wangu. Ni mshonaji, na hata akitukana pini hazimtoki mdomoni.

Kaka yake alipohamia kwa mwanamke mwingine alibeba randa na misumeno ya karakana yetu ya useremala, hata kikombe changu. Akaacha mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta, kwa kuwa ilikuwa mbovu. Baadaye akamtafuta mnunuzi wa chuma chakavu, kisha akanitumia ujumbe: "Jumamosi adhuhuri nakuja kuichukua. Ukiweza kuifufua, ni yako." Aliandika akijua mimi shule niliisikia kengele tu.

Wifi akausoma kwa sauti, akatema pini. "Kaka yangu huyu! Tulinyonya ziwa moja. Yeye akapata maziwa, akili nikachukua mimi. Twende kazini!"

Fundi redio, jirani yetu, alituambia iliyokufa ni bodi, ile inayopokea amri za kompyuta na kuzipeleka kwenye mota. Akatutafutia nyingine. Wifi alisoma karatasi ya maelezo, mimi nikafunga nyaya kwa rangi. Mwanzo mota ilinguruma tu, haiendi. Nikabadilisha nafasi za nyaya mbili, kichwa cha mashine kikateleza kama kimepakwa mafuta. Tulipiga vigelegele mpaka fundi redio akaja kuuliza nani kaolewa.

"Siyo mimi," nikamjibu. "Mimi nilishapona."

Ikabaki kuipima. Wifi aliiamuru iende sentimita kumi, akapima kwa tepu yake ya shingoni. "Nne!" Akarudia. "Nne tena!" Siku mbili tulifungua na kufunga nyaya, jibu likawa lile lile. Nikaanza kuona pikapu ya chuma chakavu ikiondoka na mashine yangu.

Jumamosi asubuhi nikachukua rula yangu ya useremala, nikaiweka penye alama za penseli tulizochora pale kichwa kilipoanzia na kilipoishia. Kumi. Kumi kamili.

"Wifi, hebu lete hiyo tepu."

Miaka ishirini anapima viuno kwa inchi. Upande wa sentimita hajawahi kuutazama.

"Maskini mashine! Kumbe mwongo ni mimi!"

"Ukoo wenu huo," nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi la mbao.

Adhuhuri yule bwana aliingia na wapagazi wawili. Mashine ilikuwa inachonga ua kwenye ubao wa kitanda, petali moja baada ya nyingine. Akasimama mdomo wazi.

"Nani kawatengenezea?"

"Mke uliyemtupa na dada uliyemdharau," wifi akamjibu. "Sasa sema mbele ya hawa wapagazi: mashine ya nani?"

"Ya kwake," akanong'ona.

"Hawajasikia, kaka."

Akarudia, safari hii kwa sauti, na mpagazi mmoja akapiga makofi.