Mama Alivyomkojolesha Mjukuu kwa Simu

Binti yangu alikuwa na siku ishirini na nne alipopata homa, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mtoto mchanga hukojoa wakati wote isipokuwa anapoombwa. Nyumbani Walukuba alikuwa amelowesha nepi tatu kabla ya chai. Tulipofika hospitali, akabana.

Daktari alitaka mkojo safi kabla ya kumwanzishia dawa. Homa ya mtoto mdogo kiasi hicho huweza kutoka kwenye njia ya mkojo, na dawa ikishaingia mwilini ni vigumu kujua. Lakini dawa nayo haikuweza kungoja sana. Tujaribu kidogo, akasema. Tukishindwa, watamwingiza mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Nilimtazama mwanangu, nikawaza pale mpira utakapopita, nikasema tutajaribu.

Kwanza walimbandika kifuko cha plastiki chenye gundi. Hakikushika. Asubuhi ile nilikuwa nimempaka mafuta mpaka akang'aa kama sambusa, na kifuko kikateleza chote. Muuguzi, mama mmoja wa kaskazini mwenye Kiswahili cha kambini kwa sababu mumewe ni askari, akanipa kopo dogo lililofungwa vizuri. Nimwoshe mtoto, akasema, nimshike, mkojo ukitoka niukinge ungali hewani. Kisha akaenda kwa wagonjwa wengine.

Nikafungua kopo, nikafanya nilivyolelewa: chombo usichojua kilikotoka, unakiosha. Birika langu la kutawadhia lilikuwa pembeni. Nikasema bismillahi, nikalisuuza kopo mara tatu. Mtoto akatoa matone machache, nikayakinga, nikampelekea muuguzi kwa mikono miwili.

Akaliinua kwenye mwanga. "Mama, wewe naosha hii kopo?"

"Nimeosha vizuri sana."

"Hii kopo ilikuwa safi kushinda maji yako. Sasa maabara nakataa. Chukua ingine, usioshe."

Mimi sina subira, na aibu huniongezea hasira. Nilirudi kitandani nikimlaumu muuguzi, daktari, na mume wangu aliyekuwa kazini mbali. Halafu nikampigia mama, kule Mbale, nipate mtu wa kumlaumu ambaye atanivumilia.

Mama aliishi Namatala, mtaa wa huko Mbale. Miguu ilikuwa imemvimba, hawezi kupanda gari, kwa hiyo alikuwa hajamwona mjukuu wake. Tulikubaliana arobaini ikiisha nitampelekea. Mtaani kwake alijulikana kwa jambo hili hili: mtoto akisumbua kukojoa, alipelekwa kwa mama. Alimkalisha juu ya nyayo zake mbili, akamsugua kiuno kwa dole gumba, huku akitoa sauti nyembamba kati ya meno. Wadogo zangu wote walikojoleshwa hivyo mbele ya macho yangu, na sikuwahi kujifunza, maana siku zote yeye alikuwepo.

"Amebana," nikamwambia. "Wanataka kumtia mpira."

"Amenyonya?"

"Amenyonya."

"Basi ngoja kidogo. Halafu mwoshe na maji ya baridi, si ya moto. Mshike chini ya kwapa, miguu ining'inie. Simu weka karibu na sikio yake."

"Mama, mtoto mchanga hajui simu."

"Mimi najua mtoto. Weka."

Muuguzi alikuwa amerudi, akakubali kumshika. Nikafungua sauti ya simu, nikaichomeka kwenye mtandio wangu, nikainamisha kichwa mpaka kikamgusa mtoto. Mkono mmoja ulishika kopo, mwingine ukamsugua kiuno. Mama akaanza. "Swiiii," ndefu, akapumua, "swiiii." Ilipita sikioni mwangu kwanza, na mwili wangu ukalegea. Nilitamani mimi ndiye niwe juu ya nyayo zake.

"Kwetu pia nafanya hivi," muuguzi akasema polepole.

Mtoto akakunja uso. Kisha mkojo ukatoka kwa nguvu, ukapiga ndani ya kopo, mwingine ukanirukia mkononi.

"Nimesikia," mama akasema, akaanza kucheka. "Huyo ana nguvu huyo."

Maabara iliona ugonjwa ulipokuwa, dawa ikajulikana, na baada ya siku kadhaa homa ikaondoka bila mpira wowote. Nilimpigia mama jioni kumpa majibu, tukazungumza juu ya dawa na miguu yake. Siku ya thelathini na tatu ya mtoto, moyo wa mama ulisimama. Nilisafiri na binti yangu kwenda Mbale kabla ya arobaini, kumzika.

Nimemkosa mama kwa namna ambayo siwezi kuizoea. Siku hizi binti yangu anaenda shule, na juzi aliniuliza kama bibi yake alimpenda. Nikamwambia alimpenda sana. Sikumwambia kwamba hakuwahi kumbeba, wala kumwona uso, na kwamba alichopata kwake ni kusikia mkojo wake ukianguka, mara moja, kutoka mbali. Angeendelea kusikiliza, nina hakika, mpaka tone la mwisho. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya kukimbilia maabara, na mama alikuwa bado anacheka nilipokata simu.