Kidole Gumba cha Fundi wa Matangi

Fundi wa matangi hugusa kwanza, ndipo aangalie. Katika kiwanda chetu cha jibini, hapa Wisconsin, huvua glovu na kupitisha kidole gumba juu ya chuma polepole, huku akivumisha wimbo puani. Jumatatu tangi jipya la chuma kisichoshika kutu lilikutwa na madoa ya kutu, na msimamizi alitaka kumfukuza Marlys, mwoshaji wetu.

“Huyu mama haoshi!”

Fundi aligusa, akanusa, akaacha kuvumisha wimbo. “Anaosha mno, bosi. Chuma hiki kina ngozi nyembamba inayozuia kutu, na dawa ya klorini ikilala humu inaitoboa. Nani alimwambia ailaze?”

Marlys alionyesha maagizo ukutani. Sahihi ilikuwa ya msimamizi.

Fundi alimrushia kitambaa. “Shika, bosi. Leo unaosha wewe.”